Mama anashinda bezimenti pembeni ya mashine ya nguo, senta ya wazee hataki kusikia

Somo shikamoo,

Naandika hii niko kwenye gari nje ya kazini, shifti imeisha saa moja asubuhi na bado sijaondoka, nimewasha hita nimekaa tu. Naomba usiweke jina langu wala mtaa, sema niko Minnesota basi, maana huku Waswahili tunajuana na mama akisikia nimemwanika atanimaliza.

Mama ana miaka 71, kwetu Pangani. Alikuja 2017 kwa grin kadi niliyomwombea mimi, nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili na ukweli ni kwamba alikuja kunilelea. Na alilea kweli Somo, wallahi sina cha kumlipa. Miaka ile hata baridi hakuiona, maana alikuwa na mtoto mgongoni na chungu jikoni, siku inaisha hajui imeishaje. Sasa yule wa mgongoni yuko darasa la tatu na kaka yake ana miaka 12, wanatoka asubuhi wanarudi saa kumi jioni, wakirudi kila mtu na tableti yake, bibi akiwauliza kitu wanamjibu Kiingereza nusu na Kiswahili cha kuungaunga. Mume wangu ni dereva wa trela, anaondoka Jumatatu anarudi Ijumaa. Mi nafanya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee (ndiyo, nalea wazee wa watu, usicheke), mchana nimelala. Kwa hiyo kuanzia Novemba theluji inapoanza mpaka Aprili mama anakuwa peke yake ndani ya nyumba yenye watu watano.

Kiangazi hana shida. Ana vitanda vyake vya mchicha na bamia nyuma ya nyumba, anatembea mpaka bustani ya watoto, anakaa na majirani hata kama hawaelewani lugha. Shida ni hii miezi mitano, sita.

Mwaka jana nikasema sikubali. Nikasoma kwenye intaneti mambo ya wazee na michezo ya ndani wakati wa baridi, nikaandika ratiba nzuri kabisa nikaibandika kwenye friji, Jumatatu mazoezi ya kwenye kiti, Jumanne bingo ile ya kubahatisha namba, Jumatano mazoezi ya kwenye maji, Alhamisi kupaka rangi, Ijumaa kutembea kwenye mall. Senta ya wazee iko dakika kumi kwa gari na bei yake ndogo. Nikampeleka siku moja mwezi wa Desemba, saa saba mchana, nilikuwa nimelala masaa matatu tu hivyo nikamshusha mlangoni, yule dada wa mapokezi akampokea vizuri sana, mi nikarudi kulala kidogo. Saa kumi nakwenda kumchukua namkuta amekaa kiti cha karibu na mlango, koti amevaa, buti amevaa, mkoba mapajani. Dada wa mapokezi ananiambia amekaa hivyo hivyo masaa matatu, walimkaribisha meza ya bingo akatabasamu akatikisa kichwa. Kwenye gari namuuliza mama vipi, ananiambia "hawana baya, lakini kamari ile mwanangu." Basi. Bwawani ndo hataki hata kusikia, wanaume na wanawake wamo humo humo. Ratiba bado iko kwenye friji, mtoto ameichorea dinosau.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Wiki mbili zilizopita nimerudi asubuhi, nyumba kimya, mama hayuko chumbani, hayuko jikoni. Moyo ukanipasuka. Nikasikia mashine ya kukaushia nguo inanguruma chini bezimenti, nashuka namkuta mama amekaa kwenye kigoda pembeni ya mashine, ameiegemeza mgongo, macho amefumba. Nafungua mashine nitoe nguo, haina kitu Somo. Ilikuwa inazunguka tupu. Akaniambia inampa joto mgongoni na anapenda ule mlio, unamkumbusha mashine ya kusaga. Nikamwambia mama utatuunguzia nyumba, nikaizima. Akapanda juu hajasema neno, na mpaka leo naona kama nilimfokea.

Halafu kuna hili. Tulipoenda nyumbani 2022 alirudi na ukindu kwenye sanduku, umeshachanwa na kutiwa rangi, akisema atasuka mkeka. Kweli akaanza ukili, Januari ile. Siku mbili tu nikakuta kila kitu kwenye pipa la taka. Kumuuliza, anasema "unakatika, na mikono yangu imeshakufa." Tangu hapo hajagusa. Nikaona basi hata hicho alichokipenda hakitaki tena, na huku kazini kwangu tunafundishwa kwamba mzee akiacha vitu alivyovipenda hiyo ni dalili mbaya.

Dada yangu mkubwa yuko Tanga, kila akimuona kwenye video anaandika kwenye grupu la familia "mama amekonda, mmemfungia mama wa watu kwenye friji." Kaka anasema arudi. Mume wangu anasema mwacheni mama apumzike, uzee ndivyo ulivyo. Mama mwenyewe ukimuuliza anasema "mtakavyoona nyie." Na mimi, nikuambie la moyoni, akiondoka siwezi kufanya usiku, watoto watalala na nani? Bila usiku hatulipi nyumba. Kwa hiyo hata sijui nikimng'ang'ania namng'ang'ania kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nimlazimishe hiyo senta mpaka azoee? Nimrudishe? Au nimwache na mashine yake?

Mtoto wa Pangani

—

Marahaba mwanangu, Mtoto wa Pangani, na pole na usiku.

Kwanza nenda ukalale. Barua yako haitakimbia.

Umelala? Haya. Nikuambie kwanza kwamba hapo ulipo napajua, nilikaa St. Paul baridi tano kabla sijahama, na kwenye barua yako nimecheka na nimelia mle mle, kwenye dinosau na kwenye mashine tupu. Nilivyokuelewa ni hivi: una mama mwenye nguvu zake, kiangazi anaishi, baridi ikija anazimika, wewe umemtafutia mambo ya kufanya hayakuingia, sasa ndugu wanakuvuta huku na mkopo wa nyumba unakuvuta kule, na katikati kuna aibu kwamba unamhitaji mama kuliko mama anavyoihitaji Minnesota. Kama nimekosea mahali utanirekebisha.

Hilo la mwisho ntaanza nalo maana ndo limekukaa kooni. Kumhitaji mama si kosa. Kwetu mzee akijua anahitajika anasimama wima. Lililokuumiza nadhani ni kwamba hujawahi kumwambia. Yeye anajua alikuja kulea, anaona watoto wamekua, sasa kichwani mwake huenda anajihesabu mzigo ndani ya nyumba ambayo kumbe bila yeye usiku haikaliki. Je, anajua? Yaani umeshamwambia kwa mdomo, "mama, nakwenda kazini kwa sababu wewe upo"? Mi sijui jibu, nakuuliza tu.

Sasa turudi kwenye lile koti maana silisahau.

Wewe umelisoma kwamba mama hakupenda senta kwa ajili ya bingo. Yeye mwenyewe kasema kamari, na sintabishana naye, mimi si shehe, kama kuna zawadi na bahati nasibu ndani yake ana haki ya kukaa nayo mbali. Lakini kuna meza moja tu ya bingo, na yeye hakuvua koti. Hebu tazama saa. Ulimshusha saa saba mchana ukamchukua saa kumi, mwezi wa Desemba. Desemba ya huko jua linatoka saa mbili kasoro asubuhi na saa kumi na nusu limeshazama, Adhuhuri iko saa sita na kitu, Alasiri saa nane na kitu, Magharibi kumi na nusu, sala zinafukuzana kama zinakimbizwa. Mwaka wangu wa kwanza kule nilikuwa nikilala kidogo mchana naamka nimepitwa na mbili. Kwa hiyo mama yako amekaa pale masaa matatu na Alasiri yote imeingia akiwa kwenye kile kiti, hajui choo kiko wapi, hajui atatawadhaje na yale mabuti, lugha ya kumuuliza yule dada hana, na binti yake yuko nyumbani kalala. Mimi ningekuwa mimi nisingevua koti. Inawezekana nimetunga yote haya na mama hakuwaza sala kabisa, labda aliona baridi, labda ndani ya koti alivaa dera la nyumbani akaona haya. Lakini "hataki senta" na "hakujua pa kutawadha" ni vitu viwili tofauti na vinatibiwa tofauti.

Na wewe hukuingia naye. Sikulaumu, mtu amelala masaa matatu ni maiti anayetembea. Ila mtu mzima kupelekwa mahali na kushushwa mlangoni kwa mara ya kwanza, hata mimi huku na Kiingereza changu chote naona kama siku ya kwanza ya chuoni, mama kakuacha na juzuu yako unamtazama anavyokwenda.

Halafu ile ratiba ya kwenye friji. Usinichukie mwanangu, lakini nilipoisoma niliona ratiba ya kazini kwako. Jumatatu kiti, Jumanne bingo, ndivyo wanavyopangwa wazee unaowatunza na kwa wale ni sawa, wengi wao wamecheza bingo kanisani maisha yao yote. Bibi wa Pangani hajawahi maishani kwenda mahali "kufanya shughuli." Anakwenda kwa mtu. Anakwenda kwenye msiba, kwenye arobaini, kwenye kuchambua mchele wa harusi ya mtoto wa fulani, kazi ipo mikononi na maneno yapo mdomoni na ukimuuliza umepumzika wapi hajui. Kwa hiyo sina hakika kama kinachokosekana ni shughuli.

Haya, ukindu. Hapa nina maneno mengi.

Umeniambia aliusuka siku mbili akautupa, unakatika, mikono imekufa. Wewe ukaona dalili. Mi nimeona hita. Hewa ya nje kwenye baridi kali haina unyevu, mashine ya nyumba inaivuta inaipasha, ikifika sebuleni imekauka kuliko jangwa, ndo maana midomo yenu inapasuka na ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti. Jani la ukindu lililochanwa jembamba unaliweka kwenye hewa hiyo unategemea nini? Litakatika kama tambi mbichi. Kwetu pwani hewa yenyewe imeloa, fundi analowanisha ukindu kidogo tu au anaufunika kwenye kitambaa kibichi, unalainika. Mama yako amesuka miaka hamsini kwenye hewa ya bahari, vidole vinajua kiasi cha maji cha Pangani, havijui kiasi cha Minnesota. Akajaribu, ukakatika, akaona tatizo ni yeye. Fikiria Somo wako nimepika wali maisha yangu yote, siku moja unaungua, wa pili unaungua, nitasema mikono imekufa, sitasema jiko.

Nilimuona bibi mmoja wa Kingazija huko huko akisuka Februari. Alikuwa na taulo limelowa na kukamuliwa, ukindu wote ndani ya taulo, taulo ndani ya mfuko wa nailoni, anachomoa nyuzi nne nne tu, na ukili aliokwisha suka anaukunja kwenye sufuria lililofunikwa. Chumbani amewasha kile kimashine kidogo cha kutoa mvuke. Kila akimaliza kama pima moja anaupitishia kitambaa kibichi. Ulikuwa haukatiki hata mmoja. Sikuahidi kwamba mama atarudi kusuka, huenda kweli macho yamepungua au vidole vinauma asubuhi na anaona aibu kusema, hilo la kucheki kwa daktari wa macho maana mtoto wa jicho akianza rangi za ukindu zinafanana zote. Lakini kabla hujaandika moyoni kwamba mama ameacha alichokipenda, jaribuni taulo. Na mkiagiza ukindu mwingine, anayeubeba autaje kwa watu wa forodha uwanjani, mimea mikavu wanaikagua, asifiche.

Hilo halina maana kwamba dalili unazozijua wewe kikazi tuzifukie. Mama amekonda, dada yako anaona kwenye video, na wewe unayemuona kila siku ndo wa mwisho kuona, ni kawaida. Kuna huzuni inayokuja na giza la baridi, ni ugonjwa unaojulikana, wengine wanatibiwa kwa taa maalumu ya mwanga wa luksi 10,000 anakaa mbele yake nusu saa asubuhi, lakini hiyo taa si ya kununua tu ukawasha, mwenye matatizo ya macho au ya akili fulani inaweza kumdhuru, daktari aseme kwanza. Na vitamini D wampime, ngozi zetu zinahitaji jua zaidi kuitengeneza na jua la Januari la huko ni la kutazama tu. Nenda naye daktari, na muombe mkalimani wa Kiswahili wa hospitali, usitafsiri wewe. Kuna mambo mama hatayasema mdomo wake ukipitia masikio ya binti yake.

Mashine ya nguo sasa. Uliizima, na mpaka leo unaona kama ulimfokea, basi si umwambie tu? "Mama siku ile niliogopa." Hofu yako ina msingi, kweli zile mashine zikijaa vumbi la nguo zinawaka moto, safisheni kichujio. Ila alichokitafuta chini kule ni joto la mgongoni na mlio wa kitu kinachofanya kazi. Blangeti la umeme linalojizima lenyewe, mfuko wa maji moto, hivyo ni vya bei ndogo. Mlio ndo sijui utaununua wapi. Nadhani alikwenda kukaa na kitu kinachozungumza.

Basi tuje kwenye njia zako, na kila moja ina mwiba wake.

Senta unaweza kuijaribu tena, lakini kwa namna nyingine, uingie naye, ukae naye saa moja ya kwanza, uwaulize kona ya kusalia na bomba la kutawadhia, mwende asubuhi saa nne mrudi kabla ya Alasiri, na si siku ya bingo. Mazoezi ya kwenye kiti hayahitaji lugha, anamtazama mwalimu anainua mkono, na ya kujifunza kusimama imara nisingeyadharau hata kidogo, shirika la afya duniani linawashauri wazee mazoezi ya namna hiyo siku tatu kwa wiki, maana mzee akianguka kwenye barafu akavunjika nyonga mambo hubadilika. Bwawa usilizike moja kwa moja pia, wapo wenye mabwawa wanaotenga saa za wanawake peke yao, jimbo lenu lina Waislamu wengi na watu wameshadai, piga simu mbili tatu. Mwiba wake ni kwamba ukimlazimisha "mpaka azoee" atazoea kweli, kwa mdomo, atakaa na koti lake kila Jumatatu ili wewe uridhike. Wazee wetu wana ufundi huo.

Au umpeleke kwa watu badala ya shughuli. Unakaa kwenye jimbo lenye Wasomali wengi kuliko jimbo lolote Marekani na kina mama wengi wa umri wa mama yako walipitia Kenya, wapo waliokaa Mombasa, waliokaa Nairobi, Kiswahili wanacho tena cha kubishana bei. Pale Karmel Mall, jengo la maduka ya Wasomali Minneapolis, nilikuwa naenda kununua udi nikajikuta nimekaa masaa mawili kwenye kibanda cha mama mmoja, chai ya maziwa ya tangawizi, tunazungumza habari za Likoni, msikiti upo humo humo jengoni, baridi iko nje huko na dunia yake. Ukamwacha pale akanunue kitambaa, asifanye "mazoezi" wala nini, na kutoka ghorofa moja kwenda nyingine ameshatembea. Mwiba upo hapa pia: wale wana ukoo wao na lugha yao, wakichangamka watahama kwenda Kisomali na mama atabaki tena anatabasamu. Inaweza kuchukua miezi kumpata mtu mmoja wake. Lakini mmoja anatosha sana.

Kutembea kwenye mall kubwa umeshaiweka Ijumaa na haikuwa wazo baya, Mall of America wanafungua milango mapema kabla ya maduka na utawakuta wazee wanazunguka na raba zao, duru moja ya ghorofa moja inakaribia kilomita. Unajua lile jengo sehemu za katikati hawaziwashii hita hata Januari? Jua la kwenye dari na taa na miili ya watu vinatosha. Mimi mwenyewe lakini nilikuwa nakwenda Como, ile nyumba ya vioo ya mimea kule St. Paul, ya tangu 1915, hawatozi kiingilio, unatoa ulichonacho. Unaingia kutoka kwenye baridi ya kukata masikio, miwani inapiga ukungu huoni kitu, na kabla hujaona unanusa udongo uliolowa. Mara ya kwanza nilisimama na ukungu wangu nalia kama mjinga, watu wananipisha. Kuna minazi minazi hivi, kuna majani mapana, unyevu wa kwetu kabisa, na viti vya kukaa. Sijui mama atapaonaje. Anaweza kufurahi, na anaweza kukumbuka kwao akarudi nyumbani mbaya zaidi, hiyo pia nimeiona kwa mtu. Nenda naye siku ambayo huna haraka.

Na mwisho kurudi nyumbani. Ndugu zako wanalisema kama ni mambo mawili, abaki au arudi. Wazungu wazee wa Minnesota wenyewe wenye uwezo hawabaki, Novemba wanahamia Arizona na Florida, Aprili wanarudi na ndege. Mama yako Florida yake ipo Pangani. Akiondoka katikati ya Novemba akarudi mwanzoni mwa Aprili hajavuka miezi sita, na kwenye mambo ya grin kadi miezi sita ni mstari wa kuuheshimu, hasa kama anataka uraia baadaye, na akivuka mwaka mzima bila kibali cha kurudi alichoombewa kabla ya kuondoka ana hatari ya kuipoteza. Kila mwaka kuondoka hivyo kunaweza kuleta maswali uwanjani, kwa hiyo muoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi, si mtu wa kwenye grupu. Hapo kuna nauli, kuna dawa zake, kuna nani anakaa naye Pangani (dada yako yuko Tanga mjini, kusema "arudi" na kulala naye akiwa na homa si kitu kimoja, muulize kwa upole), na kuna watoto wako watakaokua miezi mitano kila mwaka bila bibi. Na usiku wako. Je, hiyo nyumba ya wazee haina shifti ya mchana ya miezi ya baridi tu? Mume hawezi kupata njia za karibu kipindi hicho? Inawezekana haiwezekani. Lakini mkae chini na karatasi muihesabu, wewe na mumeo, mjue inagharimu dola ngapi mama kwenda kwao, maana sasa hivi mnaiogopa bila kuijua bei yake.

Yeye anasema "mtakavyoona nyie." Mama wa pwani akisema hivyo, mwanangu, ana jibu. Ila hataki liwe ni yeye aliyewatia watoto matatani. Ndo maana nasema ukimuuliza "mama unataka kurudi?" atakujibu hivyo hivyo mpaka kiama. Muulize vidogo. Muulize Pangani sasa hivi ni msimu wa samaki gani. Muulize akina nani bado wapo. Muulize baridi ya kwanza alipokuja alikuwa anafanya nini mtoto akilala. Usimuulize mezani, muulize mikono yake ikiwa na kazi, hata kama ni kuchambua mchele uliokwisha safi kutoka dukani, atauchambua tu, utaona.

Na yule wa darasa la tatu, anayechora dinosau. Kwani hajui mdako? Vijiwe na sakafu, basi, hakuna lugha wala tableti, na bibi hawezi kushindwa. Huyo mtoto akiona taulo limelowa lina majani ya rangi ndani atauliza mwenyewe.

Koti, muulize. Usimuulize kwa nini hukulivua, atajitetea. Mwambie, mama ile siku kule senta ulisalia wapi Alasiri? Kisha nyamaza. Halafu niandikie alichosema, ukishalala.

Somo yako